Umeizidi CapCut? Jinsi ya kuchagua programu ya kuhariri video, kwa mfano wa ndiva za Upare

Swali la "programu gani ya kuhariri video ndiyo nzuri zaidi?" halina jibu likiulizwa hewani. Linafanana na kuuliza gari gani ni zuri bila kusema kama unapanda nalo Mbaga wakati wa masika au unakwenda nalo Moshi kwa lami. Kwa hiyo tuchukue kazi moja, tuiweke mezani, halafu tuone inadai nini.

Wilaya ya Same ina pande mbili zisizofanana hata kidogo. Chini, kando ya barabara kuu, ni tambarare kavu ya miba na mkonge. Juu ni milima yenye ukungu na misitu, ikipanda hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Wapare walishajua zamani sana kuyachukua maji ya juu na kuyafikisha shambani kwa kutumia ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe yaingie kwenye mifereji. Bonde la Makanya, upande wa Vudee na Bangalala, limewahi kuwaleta watafiti wengi wa maji kwa sababu hiyo. Lakini ndiva si ukuta tu. Kuna utaratibu wa nani anamwagilia siku gani, nani anatoa tope, asiyefika kwenye kazi anafanywa nini. Sehemu kubwa ya maelezo hayo wanayo wazee vichwani, na wanayaeleza vizuri zaidi kwa Chasu kuliko kwa lugha nyingine yoyote.

Sasa tuseme wewe ni kijana wa Same, umekuwa ukitengeneza video fupi kwenye simu kwa miaka miwili, harusi moja moja, kwaya, na zile za kuchekesha. Umeamua kurekodi wazee watatu, kila mmoja saa nzima, na kutoa filamu ya dakika 25 yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Mzee wa miaka 80 na kitu hatakaa tena saa nzima kwa sababu faili lako limeharibika. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya kuendelea, tuzitendee haki programu za simu. CapCut, KineMaster, InShot na VN si vichezeo. Kama video zako hazivuki dakika tatu na zinaishia Instagram au status ya WhatsApp, baki hapo hapo, huna sababu ya kuhama. Shida inaanza pale vipande vinapofika arobaini, sauti inapotoka kwenye kifaa kingine, na simu inapoanza kulalamika kwamba nafasi imejaa. Kioo cha inchi sita hakikuonyeshi saa tatu za mahojiano kwa namna ambayo akili inaweza kuzipanga.

Simu ya laki nne inaishindaje kompyuta?

Wengi wanaohamia kwenye kompyuta hukutana na aibu hii siku ya kwanza. Video iliyokuwa inateleza kwenye simu, ukiiweka kwenye laptopu ya mtumba inaganda kama uji uliopoa. Watu wanalaumu programu, wanaifuta, wanaweka nyingine, nayo inaganda vilevile. Tatizo kwa kawaida ni namna video ilivyofungwa, na hapa inabidi tufanye hesabu kidogo.

Picha moja ya video ya 1080p ina piseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Kwa namna ya kawaida ya kuhifadhi rangi za video, kila piseli inachukua wastani wa baiti moja na nusu. Hiyo ni megabaiti 3.1 kwa picha moja. Kwa picha 30 kila sekunde, ni megabaiti 93 kwa sekunde, na saa nzima ya mzee mmoja ingekula gigabaiti kama 336. Simu yako haina nafasi hiyo. Ndiyo maana inaandika megabiti 20 hivi kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 2.5, na saa nzima inakuwa gigabaiti 9. Ukigawanya utaona video imebanwa karibu mara 37.

Imebanwaje? Fikiria daftari la zamu za maji. Ukurasa wa kwanza umeandika kila kitu: majina yote, mashamba yote, saa zote. Kurasa zinazofuata zinaokoa wino: "kama jana, ila wa tatu amebadilishana na wa tano." Daftari linakuwa jembamba sana. Lakini ukitaka kujua nani anamwagilia tarehe 17, ukifungua ukurasa wa 17 peke yake hauelewi kitu. Inabidi uanze ukurasa wa kwanza, ubadilishe, ubadilishe, mpaka ufike. Mbaya zaidi, baadhi ya kurasa zinasema "tazama pia ukurasa wa kesho."

Video ya simu ndivyo ilivyo. Kuna fremu kamili, kwenye simu nyingi moja hivi kila sekunde, na kati yake kuna fremu zinazoeleza tofauti tu. Ukitazama video moja kwa moja kuanzia mwanzo hakuna shida, unafungua kurasa kwa mpangilio. Ukihariri unarukaruka: unarudi nyuma, unasogea mbele, unakata katikati. Kila unaporuka, kompyuta inakimbia kwanza kwenye fremu kamili iliyo karibu, inakokotoa zote za katikati, ndipo ikuonyeshe ile uliyoitaka. Simu inaimudu kazi hiyo kwa sababu ina sakiti maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kufungua video na si zaidi. Laptopu ya zamani mara nyingi inaifanya kwa prosesa ya kawaida, na prosesa inachoka.

Njia ya kufunga na kufungua inaitwa kodeki. Ile iliyozoeleka, H.264, ilikamilishwa mwaka 2003. Ndugu yake H.265, ambaye pia huitwa HEVC, alikuja 2013. Anabana karibu mara mbili zaidi kwa ubora uleule, lakini kumfungua ni kazi nzito zaidi. Simu nyingi za sasa zinarekodi kwa HEVC bila kukuuliza. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima HEVC, rekodi kwa H.264. Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini kompyuta itakushukuru.

Hatua ya pili ndiyo inayotenganisha programu za kuchezea na za kazi, nayo ni proksi. Programu inatengeneza nakala ndogo na nyepesi ya kila klipu, wewe unahariri nakala hizo, na siku ya kutoa video ya mwisho inarudi yenyewe kwenye faili halisi na kukata mle mle ulipokata. Unahariri kivuli, unakabidhi mwili. Kwa proksi, laptopu yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inaweza kuhariri hata video za 4K. Kama programu unayoifikiria haina proksi, na kompyuta yako si ya bei mbaya, achana nayo, hata kama ina madoido mia tano ya kung'aa.

(Nimetaja SSD makusudi. Kama una hela ya kuboresha kitu kimoja tu kwenye laptopu ya mtumba, anza na diski, halafu RAM. Watu wanaanza na kununua kibodi yenye taa.)

Sauti inayokimbia midomo

Hili ndilo linaloharibu mahojiano marefu, na kwenye video fupi hutaligundua kamwe.

Unaweka simu kwenye kiguu chake, unarekodi mzee saa nzima. Sauti unarekodi kwenye kifaa kingine kilichowekwa karibu na mdomo, jambo zuri sana maana upepo wa milimani hauna huruma na maikrofoni ya simu. Nyumbani unaoanisha sauti na picha mwanzoni, inakaa sawasawa kabisa. Dakika ya kumi kuna kitu hakieleweki. Dakika ya hamsini mzee anacheka na mdomo umefunga.

Simu nyingi hazirekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Zinapandisha na kushusha kulingana na mwanga na joto la simu yenyewe. Kivulini kwenye nyumba ya udongo zinaweza kushuka. Tuseme wastani ni 29.8 badala ya 30. Tofauti ya 0.2 ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Lakini kwa saa moja simu imerekodi fremu 107,280, na programu isiyojua mambo haya ikizicheza kwa kasi ya 30 kamili, inazimaliza kwa sekunde 3,576. Saa moja ina sekunde 3,600. Umepoteza sekunde 24.

Hapa programu hazifanani. Shotcut ikiona faili la kasi inayobadilika inakuonya na kukupa nafasi ya kuligeuza kuwa faili linalofaa kuhaririwa, lenye kasi moja. Kdenlive nayo inakuonya na kukushauri uligeuze. Kwenye DaVinci Resolve ni salama zaidi ukaligeuza mwenyewe kabla ya kuliingiza, kwa mfano na HandBrake, ambayo ni ya bure, ukichagua kasi isiyobadilika. Fanya hivyo kabla ya kukata chochote. Ukishakata vipande mia mbili ndipo ugundue, utakata tena vipande mia mbili.

Na ukiwa bado kwenye kurekodi: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 30 ukumbini au kanisani, mara nyingi unapata michirizi inayotembea kwenye picha. Kama simu inaruhusu, tumia fremu 25, au weka kasi ya shata kwenye 1/50 au 1/100. Kuondoa michirizi hiyo baadaye kunawezekana kwa kiasi, lakini kifaa cha kazi hiyo ndani ya Resolve kipo kwenye toleo la kulipia.

Tuzitaje kwa majina

Kwa kijana wetu wa ndiva, mashindano ya kweli yako kati ya tatu: Kdenlive, Shotcut na DaVinci Resolve. Nyingine nitazipitia haraka.

Kdenlive ni mradi ulioanza mwaka 2002, na leo uko chini ya jumuiya ya KDE. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, haiweki nembo kwenye video yako, haidai akaunti, haidai intaneti ikishawekwa. Ukifungua boneti utakuta injini mbili: MLT, inayopanga klipu, na FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ambao unafungua karibu kila faili la video lililowahi kuwepo duniani. Hiyo ya mwisho ni muhimu kwetu, maana wajomba wana kaseti zilizogeuzwa kuwa DVD, kuna faili za simu za zamani za 3GP, na zote unaweza kutaka kuzitia kwenye filamu moja. Kdenlive ina mistari mingi ya picha na sauti, proksi, na mstari maalumu wa maandishi ya chini. Udhaifu wake: ina madirisha mengi yanayomchanganya mgeni, na ukiilundikia madoido mazito huweza kuanguka. Ihifadhi kazi kila mara, kidole kiwe kwenye Ctrl+S kama mtu anayesali.

Shotcut inatumia injini ileile ya MLT, na si ajabu, kwa sababu mtengenezaji wake mkuu, Dan Dennedy, ni mmoja wa waliotengeneza MLT yenyewe. Ni nyepesi zaidi kuelewa, ingawa inafuata mantiki yake: kila kitu ni "kichujio" unachokibandika juu ya klipu. Mtu anayetoka kwenye simu huizoea kwa wiki moja. Kama laptopu yako ni dhaifu na hujawahi kuhariri kwenye kompyuta, mimi ningekuanzisha hapa.

DaVinci Resolve ina historia ya kufurahisha. Kampuni ya da Vinci Systems ya Marekani ilikuwa ikitengeneza mitambo ya kurekebisha rangi za filamu iliyouzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2009 ikanunuliwa na Blackmagic Design ya Australia, na mwaka 2011 likatoka toleo la bure. Yaani kifaa kilichokuwa kinatumiwa na studio kubwa za Hollywood sasa unakipakua ukiwa Same stendi, ukiwa na bando. Toleo la bure si la kubania: linatoa video hadi 4K kwa fremu 60, bila nembo, na ndani yake kuna kitengo kizima cha sauti na kingine cha rangi.

Ila kuna "ila" tatu. Ya kwanza ni mashine: Resolve inataka RAM ya GB 16 na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu yake yenyewe. Kwenye laptopu ya ofisi iliyotumika, yenye GB 8 na grafiki ya ndani ya Intel, itafunguka labda, lakini utahariri huku unasubiri. Ya pili inawahusu wenzetu wa vyuoni wanaotumia Ubuntu: toleo la bure la Linux halifungui H.264 wala H.265, yaani halifungui video ya simu yako mpaka uigeuze kwanza. Watu wanapoteza siku mbili wakidhani faili zao zimekufa. Ya tatu ni ukubwa wa kupakua: Resolve inazidi gigabaiti 2, wakati Kdenlive na Shotcut ni za megabaiti mia na kitu.

Faida kubwa ya Resolve iko kwenye rangi, na inafaa ielezwe ili usiihamie kwa sababu isiyokuwepo. Video ya simu ya kawaida ina biti 8 kwa kila rangi, maana yake ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. Ukungu wa msitu wa Chome asubuhi hautumii ngazi zote hizo. Labda umekaa kwenye ngazi 40 za katikati tu. Ukiuvuta ili picha iwe na nguvu, ngazi 40 zinatawanywa kwenye nafasi kubwa na unaona mistari kama ya matuta angani. Resolve inakokotoa rangi ndani yake kwa usahihi mkubwa sana, kwa hiyo haiongezi uharibifu wake yenyewe juu ya uliopo, na vifaa vyake vya kuchagua eneo moja la picha ni vya hali ya juu. Lakini ngazi ambazo kamera haikuzirekodi, Resolve haizijui. Kama kamera yako inarekodi biti 10, zenye ngazi 1,024, hapo kweli unaanza kula faida. Kama ni simu ya kawaida na kazi ni mzee kwenye kigoda akieleza zamu, rangi si sababu ya kununua kompyuta mpya.

Zilizobaki kwa kifupi. Adobe Premiere Pro ni nzuri na utaikuta kwenye ofisi nyingi za habari na matangazo, kwa hiyo kama ndoto yako ni kuajiriwa Dar, ijue. Tangu 2013 Adobe wanaendesha mambo kwa kodi ya mwezi. Ni zaidi ya dola 20, kila mwezi, na ukiacha kulipa mlango unafungwa na miradi yako iko ndani. Resolve Studio, ile ya kulipia, ni dola 295 mara moja tu, laki saba na ushee. Piga hesabu mwenyewe kwa miaka mitatu. Final Cut Pro ni ya vifaa vya Apple peke yake. Filmora ni rahisi lakini toleo la bure linabandika nembo. Lightworks ya bure inaishia kutoa 720p. CapCut ya kompyuta ni ya haraka kwa video fupi. Kwa kazi ya saa tatu naiona ni simu iliyopewa kioo kikubwa.

Ile ya "crack"

Tusijifanye hatujui. Ukienda kwa fundi yeyote anayeweka programu, atakuuliza kama unataka Premiere kwa elfu kumi. Sitahubiri kuhusu haki miliki, kila mtu ana dhamiri yake. Nitasema la kitaalamu tu.

Maelekezo ya programu hizo karibu yote yanaanza na "zima antivirusi kwanza." Unamfungia mbwa ndani, halafu unamkaribisha mgeni usiyemjua. Kuna familia ya virusi inayoitwa STOP au Djvu ambayo imesambaa sana duniani kupitia njia hii hii ya programu zilizovunjwa. Inafunga faili zako zote kwa msimbo na kukuachia barua ya kudai pesa. Inachofunga ni picha, nyaraka na video. Mahojiano ya wazee watatu yako humo. Na flash uliyoiacha imechomekwa nayo imo.

Kinachonishangaza ni kwamba njia halali hapa ni rahisi kuliko ya wizi. Leseni ya Kdenlive na Shotcut inakuruhusu kunakili na kugawa. Mmoja akipakua Same mjini kwenye intaneti nzuri, anaweka kwenye flash, anapanda nayo Mamba au Gonja, anawagawia wengine kumi bila bando hata moja kutumika, na hakuna aliyeibiwa. Zote mbili zina toleo la Windows linaloweza kuendeshwa bila kusakinishwa, hata moja kwa moja kutoka kwenye diski ya nje.

Kitakachobaki baada ya miaka kumi

Kigezo hiki huwezi kukikuta kwenye video za "programu 10 bora", na kwa kazi ya ndiva mimi nakiweka juu ya rangi na madoido.

Ukihariri, programu haigusi video halisi. Inaandika faili la mradi, ambalo ni maelekezo tu: chukua klipu hii, anza sekunde ya 12, ishia ya 40, weka sauti ile. Kwenye programu za simu maelekezo hayo yanakaa ndani ya programu yenyewe. Ukiifuta programu au kusafisha data zake ili upate nafasi, rasimu zimekwenda. Na Januari 2025 watumiaji wa CapCut nchini Marekani waliamka wakakuta imezimwa kwa sababu za kisiasa zisizowahusu. Ilirudi baadaye, ila somo lipo.

Resolve kwa kawaida huweka miradi kwenye hifadhidata yake, si kwenye folda unayoiona. Fundi akikufomatia kompyuta na wewe umehifadhi klipu tu, mradi umepotea. Jizoeze kuutoa nje kama faili la .drp kila jioni. Faili za Kdenlive na Shotcut ni maandishi ya kawaida ya XML. Unaweza kuzifungua kwa Notepad na ukasoma jina la kila klipu na ilipokatwa. Hata ikitokea siku moja programu yenyewe haipo, mtu mwenye akili na subira anaweza kuifufua filamu kutoka kwenye maandishi hayo, mradi klipu halisi zipo.

Kwa hiyo klipu halisi zihifadhiwe. Weka nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, zisizokaa nyumba moja. Ukipokea kutoka kwa mwenzako, zisipite WhatsApp kama video, maana inazibana tena. Zitume kama waraka au kwa kebo. Mzee mmoja kwa 1080p ni gigabaiti 9, wote watatu 27. Diski ya nje ya terabaiti 1 inabeba wazee zaidi ya mia moja wa aina hiyo.

Halafu maandishi ya chini. Usiyachome kwenye picha moja kwa moja. Yaandike kwenye mstari wa maandishi wa programu, kisha yatoe pia kama faili la SRT, ambalo ni maandishi matupu: namba, muda wa kuanza na kuisha, na maneno. Kdenlive na Resolve ya bure zote zinafanya hivyo, na Shotcut za sasa pia. Faida yake ni kwamba unaweza kuwa na faili mbili kwa filamu moja: la Kiswahili kwa watazamaji, na la Chasu neno kwa neno kama mzee alivyosema, kwa ajili ya mjukuu wake na kwa ajili ya mwanaisimu atakayekuja. La Kiswahili unaweza kusaidiwa kidogo na mashine. Whisper, mfumo wa kugeuza sauti kuwa maandishi ambao Kdenlive inaweza kuutumia, una Kiswahili kwenye orodha yake, ingawa makosa ni mengi. Chasu haimo. Hiyo utaiandika kwa mkono, dakika kwa dakika, ukiwa umekaa na mtu anayejua tofauti ya maneno mawili ya tope.

Mtihani wa jioni moja

Kabla ya kuamua, usisome tena maoni ya watu. Chukua klipu halisi ya dakika kumi kutoka kwenye simu yako, si ile ya mfano inayokuja na programu. Iingize. Angalia kama unaonywa kuhusu kasi inayobadilika. Washa proksi na pima zinachukua dakika ngapi kutengenezwa. Zidisha kwa 18, ujue saa tatu za wazee zitakugharimu muda gani. Weka sauti ya kifaa kingine, ioanishe mwanzoni kwa kupiga makofi, kisha nenda mwisho uangalie midomo. Kata sehemu ishirini. Andika mistari mitano ya maandishi, yatoe kama SRT, yafungue kwa Notepad. Toa video ya mwisho, icheze kwenye simu ya mtu mwingine.

Kisha fungua mradi tena, hariri kwa dakika tano bila kuhifadhi, na uzime kompyuta ghafla kwa kushikilia kitufe chake, kama umeme unavyokatika. Washa, fungua programu, uhesabu ni makato mangapi kati ya yale uliyofanya imeweza kukurudishia.